Darasa Ni Lile Lile, Njia Zibadilike

Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu mambo aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote.

Wazazi wengi wa pwani yetu wanaijua hali hii. Mtoto alipokuwa na miaka sita, hamu yake ya chuo ilikuwa haina kifani. Alivaa kofia kabla ya kuambiwa, na aliporudi aliisoma Alhamdu kwa sauti hadi jirani akamsikia. Afikapo darasa la sita au la saba, mambo hugeuka. Alasiri ikikaribia, kichwa humuuma. Msahafu ameushika, midomo yasogea, bali macho yako dirishani. Aingiapo sekondari, pengine huacha kabisa, na juzuu alizozihifadhi kwa taabu humtoka moja baada ya moja.

Hapo lawama huanza. Mzazi asema mtoto ameharibiwa na simu. Mwalimu asema ameharibiwa nyumbani. Hatukatai kwamba simu ina sehemu yake katika jambo hili. Lakini yatupasa kwanza tulitazame darasa lenyewe. Mtoto huyu amekaa mkeka ule ule, saa ile ile, akiitikia kwa sauti ile ile, kwa muda wa miaka saba. Wazee wetu waliuona mfano wake katika ngamia wa kinu cha kushindika mafuta: hufungwa macho, akazunguka mchana kutwa, na jioni yuko pale pale alipoanzia. Mwili umechoka, na safari haikwenda.

Twapenda basi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kudumu na jambo, na kuna kulizoea jambo. Kudumu ni kazi ya moyo: mtu huja leo kama alivyokuja jana, akijua anakuja kufanya nini. Mazoea ni kazi ya mwili peke yake: miguu imefika, na moyo umebaki nyuma. Dini yetu imetaka kudumu. Mazoea yasiyo na moyo ndiyo yanayoila faida ya elimu kimyakimya, kama mchwa alavyo boriti.

MWENDO WA MTUME KATIKA KUFUNDISHA

Tukimtazama Mtume (s.a.w.) alivyowafundisha sahaba zake, twaona kwamba ujumbe ulikuwa mmoja na njia zilikuwa nyingi.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Abdallah bin Masud (r.a.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja akamwambia kwamba angependa wapate mawaidha kila siku. Ibn Masud akamjibu kwamba kinachomzuia ni kuchelea kuwachosha, na kwamba yeye huwachagulia wakati kama Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiwachagulia wao. Tuzingatie hapa. Mfundishaji ni mbora wa viumbe, na wanafunzi ni watu walioacha mali na nchi zao kwa ajili ya dini. Ikiwa hao walichelewa uchovu, sembuse mtoto wa miaka kumi aliyeamka alfajiri, akakaa shuleni hadi alasiri?

Siku nyingine Mtume (s.a.w.) aliwatega sahaba zake kitendawili: kuna mti usiopukutika majani, na mfano wake ni kama Muislamu, ni mti gani huo? Watu wakaanza kuitaja miti ya jangwani. Abdallah bin Umar (r.a.), aliyekuwa mdogo wa kikao, moyoni mwake lilimjia jibu kwamba ni mtende, akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye alipomweleza babake, Sayyidna Umar (r.a.) alisema angalifurahi mno lau mwanawe angelitamka. Mtume angaliweza kuwaambia mara moja kwamba Muislamu ni kama mtende, na maneno yangekuwa ya kweli. Lakini alitaka akili zao zitembee kwanza, zitafute, zikose, kisha zipate. Jambo linalotafutwa hukaa moyoni kuliko linalopokewa.

Na mara nyingine alichora mchangani. Alipiga mistari ya pembe nne, akapiga mstari wa kati uliotokeza nje, na mistari midogo ubavuni. Akaeleza kwamba wa katikati ni mwanadamu, uliomzunguka ni ajali yake, uliotokeza ni matumaini yake marefu, na midogo ni misukosuko inayomngojea. Hakuhitaji ubao wala chaki. Kijiti na mchanga vilitosha.

Hata katika siku ya Idi, imepokewa kwamba alikuwa akienda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Wanazuoni wametaja hekima nyingi za jambo hili. Nasi twaongeza kuangalia kwetu: swala ni ile ile, mahali pa kuswalia ni pale pale, na njia mbili.

KUDUMU SI KUJICHOSHA

Huenda mtu akauliza: je, hatukufunzwa kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa chache? Naam, tumefunzwa hivyo, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini tuisome pamoja na nyingine. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni kamba ya Bibi Zaynab (r.a.), anayoishika anapochoka katika swala ya usiku. Akaamuru ifunguliwe, akafundisha kwamba mtu aswali akiwa na nishati, na akichoka aketi.

Tukizisoma hadithi hizi mbili kwa pamoja, sura inakamilika. Amali iwe ndogo ili iweze kudumu, na ifanywe kwa nishati ili iwe na uhai. Nyumba nyingi zetu zimeshika nusu ya kwanza zikaiacha ya pili: mtoto anadumu, ila anadumu akining'inia kambani.

WALIYOYAANDIKA WANAZUONI

Maneno haya si mageni wala hayakuletwa na vyuo vya kisasa. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni yafaa aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha. Akaonya kwamba kumzuia mchezo na kumwelemea kwa masomo bila kituo huua moyo wake, hutia butu akili yake, na humfanya atafute hila ya kuikimbia elimu. Yule mtoto ambaye kichwa humuuma kila alasiri aliandikwa zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Naye al-Zarnuji, katika kitabu chake mashuhuri cha adabu za mwanafunzi, amesimulia kuhusu Imam Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa na mmoja wa walimu wa Imam Shafii. Imam huyo alikuwa akikesha na vitabu vya fani mbalimbali kando yake. Akichoshwa na fani moja, hufungua nyingine. Hakuiacha elimu ili apumzike, bali alipumzika kwa elimu nyingine.

Katika kitabu hicho hicho mna utaratibu wa kurudia masomo ambao walimu wetu wa hifdhi wangefaidika nao. Somo la jana lirudiwe mara tano, la juzi mara nne, la siku iliyotangulia mara tatu, kisha mbili, kisha moja. Maana yake ni kwamba siku moja ya mwanafunzi ina masomo matano ndani yake, kila moja kwa kipimo chake, wala si kulisaga somo moja mara hamsini hadi lipoteze ladha. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Aliona kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika zaidi kuliko marudio mengi ya kikao kimoja. Kitabu cha al-Zarnuji kilikuwa kimekwisha kusomwa madrasani kwa zaidi ya karne sita.

"WAZEE WETU WALISOMA HIVYO HIVYO"

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walisoma kwa ubao na fimbo, bila mabadiliko yoyote, na wakawa wanazuoni. Hoja hii yataka kujibiwa kwa heshima, kwani ndani yake mna ukweli.

Ni kweli walisoma kwa ubao. Lakini ubao ule ulikuwa na kazi za mikono: kuutayarisha, kutengeneza wino, kuandika, kuuosha na kuuanika. Mtoto alisoma kwa jicho, kwa sikio na kwa kiganja. Alipotoka chuoni aliingia pwani au shambani, na usiku bibi yake alimtega vitendawili na kumpigia ngano. Siku yake ilikuwa na rangi nyingi. Mtoto wa leo hutoka benchi la shule akaingia benchi la tuisheni, kisha mkeka wa madrasa, kisha kochi la televisheni. Kote ameketi, na kote anasikiliza. Mwenye kudai kwamba tunafuata njia ya wazee na aangalie kama hatukushika ubao wao na kuuacha ulimwengu uliouzunguka.

Tena wazee wenyewe hawakuogopa kuvunja mazoea palipokuwa na maslahi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alichapisha hapa Mombasa gazeti la Sahifa na baadaye, mwaka 1932, Al-Islah, kwa Kiswahili. Wanazuoni wengi wa zama zake waliandika kwa Kiarabu, nayo elimu ikawa haimfikii mama aliye jikoni. Katika miaka ya 1980, vilevile hapa Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa walioanzisha skuli za chekechea zilizounganisha malezi ya Kiislamu na masomo ya kawaida, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Watoto walijifunza kwa kugusa, kuhesabu na kucheza, kwa vifaa vinavyopatikana mtaani. Mpango huo ulivuka bahari hadi Zanzibar na ukafika Uganda.

MAMBO YA KUJARIBU NYUMBANI

Twataja machache yasiyohitaji fedha, ili maneno yetu yasibaki hewani.

La kwanza ni fimbo ya kivuli. Siku ya likizo, simamisheni fimbo iliyonyooka uani, mahali tambarare penye jua. Kuanzia saa tano na nusu mchana, mtoto atie alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Ataona kivuli kinafupika, kisha kinaanza kurefuka kuelekea mashariki. Hapo ndipo jua limepinduka na adhuhuri imeingia, naye ameishuhudia kwa macho yake. Aendelee. Kivuli kikizidi kile kifupi cha adhuhuri kwa urefu wa fimbo, imeingia alasiri kwa madhehebu yetu ya Shafii.

Kisha mwonyesheni ajabu nyingine. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, kwa kuwa miji hii miwili inakaribia kuwa katika longitudo moja. Basi kile kivuli kifupi kuliko vyote hulala juu ya mstari wa kibla. Likizo ya Desemba kitaelekea kibla chenyewe, na likizo ya Agosti kitaelekea upande wa pili. Muulizeni ni kwa nini, wala msimjibu. Mwacheni akae na swali hilo kama Ibn Umar alivyokaa na mtende.

La pili ni mkate wa mirathi. Watoto wengi huogopa sehemu za mafungu: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Mama akishapika mkate wa sinia, aukate vipande vinane na kuuliza: mtu amefariki, ameacha mke na mtoto mmoja wa kiume, kila mmoja apate nini? Mke ana thumni, yaani kipande kimoja, na saba vilivyosalia ni vya mtoto. Je, asipoacha mtoto wala mjukuu? Mke apata robo, vipande viwili. Hesabu ya shule na fiqhi ya madrasa zimekutana katika sinia moja, na baadaye mkate waliwa.

La tatu ni pishi. Kabla ya Ramadhani kwisha, mpeni mtoto kibaba apime zakati ya fitri mwenyewe, vibaba vinne kwa kila kichwa nyumbani. Kisha aende dukani kupima kwa mizani pishi ya mchele na pishi ya tende. Ataona uzito si mmoja, naye atafahamu kwamba kipimo cha sheria ni cha ujazo, na ndiyo sababu wanazuoni hutofautiana kidogo wanapokitaja kwa kilo.

La nne ni safari. Si lazima iwe ya mbali. Mwenye uwezo awapeleke wanawe Gede, karibu na Malindi, wauone msikiti mkuu na kisima chake cha udhu. Wasimame mbele ya kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, wakokotoe wenyewe kwamba ni 1399 Miladia. Mtoto aliyezoea kudhani kwamba Uislamu ni somo la Jumamosi atajua kwamba mababu zake waliswali katika ardhi hii zaidi ya miaka 600 iliyopita.

La tano ni kubadilishana viti. Mara moja kwa wiki mtoto awe mwalimu, na baba au mama awe mwanafunzi. Amsahihishe mzazi tajwidi yake, amweleze maana ya sura aliyoihifadhi. Hakuna njia nyepesi zaidi ya kujua kama mtoto amefahamu au amekariri tu.

NA MAMA JE?

Tumesema sana juu ya watoto, na pengine msomaji aliye mama amejisahau. Kwa wengi wa dada zetu, elimu ilisimama siku ya nikahi. Tangu hapo siku zimefuatana kama shanga: alfajiri, chai, soko, jiko, watoto, jiko, usingizi. Si kwamba kazi hizo hazina thawabu. Zina thawabu kubwa. Lakini akili isiyopewa chakula kipya hudhoofu, nao moyo huingiwa na dhiki isiyojulikana chanzo chake.

Imepokewa katika Bukhari kwamba wanawake wa Madina walimwendea Mtume (s.a.w.), wakamweleza kwamba wanaume wamewashinda kumpata, basi awawekee siku yao. Akawaahidi siku, akakutana nao akawafundisha. Hawakungoja kuitwa. Waliiona hali yao na wakaomba ibadilishwe, wala hawakukemewa. Huu ni msingi ambao mume yeyote yampasa kuukumbuka mkewe anapomwambia: nataka kusoma.

Darsa za akina mama katika mitaa yetu ni neema. Lakini nazo zaweza kugeuka kinu cha ngamia, mmoja akisema na arubaini wakisinzia. Basi wiki moja ustadha aeleze fiqhi ya tohara, na wiki ya pili muuguzi wa mtaani aeleze afya ya mzazi na mtoto. Wiki ya tatu mama mwenye umri asimulie tarehe ya mji, na ya nne kila mmoja aje na swali moja lililomtatiza. Na bibi asiyejua kusoma asiambiwe amechelewa. Sahaba wengi wa Mtume (s.a.w.) walijifunza wakiwa watu wazima. Bibi na akae na mjukuu wake, amfunze herufi, naye amlipe kwa ngano na methali. Wote wawili watafaidika.

MIPAKA YA MABADILIKO

Twamalizia kwa tahadhari. Tusemayo ni njia za kujifunza, si ibada yenyewe. Swala haibadilishwi ili isichoshe, wala Qur'ani haisomwi bila tajwidi ili ipendeze. Katika ibada, kinachotakiwa kufanywa upya ni moyo. Wala mabadiliko yasiwe kila siku, kwani hilo nalo huwa fujo, na mtoto hupoteza mahali pa kushika. Saa ya madrasa ibaki, heshima ya mwalimu ibaki, nyiradi za asubuhi na jioni zibaki. Ndani ya nguzo hizo, jambo moja jipya kwa wiki latosha.

Na walimu wetu tusiwatwike mzigo huu peke yao. Ustadhi mwenye wanafunzi sitini katika chumba kimoja, na ujira usiotimiza mwezi, hawezi kufanya maajabu. Kamati za madrasa ziwape walimu mafunzo na vifaa, na wazazi walipe ada kwa wakati kama walipavyo ile ya shule.

Jumamosi ijayo, kabla ya kumwuliza mtoto amesoma ukurasa gani, tumwulize amefahamu nini, na ni swali gani limemjia. Akinyamaza wiki ya kwanza, tusikate tamaa, hajazoea kuulizwa. Tukidumu kumwuliza, siku moja atajibu, na siku nyingine atatuuliza sisi.

Mwenyezi Mungu atupe sisi na kizazi chetu elimu yenye manufaa na nyoyo zenye uhai, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaotembea mchana kutwa wasifike. Amin. Wabillahi tawfiq.